Nyapara Aliyengoja Kibati

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Babu Nyapara alikuwa anatoa kibati chake msumarini. Msumari wenyewe ulipigiliwa kwenye fremu ya mlango wake, upande wa kulia, usawa wa bega. Kibati kilikuwa kipande cha shaba cha duara, kimetobolewa tundu moja na kugongwa namba 61. Alikitoa, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Ndipo anawe. Jioni akirudi kutoka kwenye mihogo yake, hata jembe hajaweka chini, anakitundika tena. Sisi majirani hatukuwa na haja ya kupiga hodi. Msumari ukiwa mtupu, Babu hayupo. Kibati kikiwa kinaning'inia, yumo ndani, hata kama mlango umefungwa.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Bibi yangu Apolonia alinituma nimpelekee uji kila siku, kwa kuwa Babu hakuwa na mke wala mtoto pale kijijini. Hakuwa babu yangu wa damu. Huo uji ndio ulionifanya nimjue. Ukimpelekea mtu uji kwa miaka sita, na wewe si msemaji na yeye si msemaji, unaona mambo. Mimi niliona hivi: msumarini anatoa kibati kimoja, lakini akitembea, mfuko wake unalia kama una vibati viwili. Sikumuuliza.

Jina lake ni Stanslaus Bujiku, mzaliwa wa Samuye, kule upande wa Shinyanga. Alikuja Nyabusimba kuchimba dhahabu kabla ya vita ya Hitla, akiwa kijana mwenye nguo moja, na kampuni ikamwandika namba 61. Alipanda kidogo kidogo mpaka akawa nyapara wa zamu ya asubuhi. Mgodi ulikuja kufungwa, makuli wakarudi makwao, mashine zikapakiwa kwenye malori, na jina la unyapara likabaki juu yake. Mimi nilizaliwa nikalikuta.

Mambo ya vibati nilielezwa na Mzee Thobias, ambaye naye alichimba zamu hiyo hiyo, namba 87. Yeye anasema kwa niaba ya watu wote wasiosema. Alinieleza kwamba getini palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari mia mbili, na kila msumari una namba. Mtu akiwa juu, kibati chake kiko ubaoni. Akishuka shimoni, anakitoa na kukivaa shingoni. Akipanda, anakirudisha mwenyewe, kwa mkono wake. Kumtundikia mwenzako lilikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo, hata kama ni ndugu yako tumbo moja. Maana zamu ikiisha, wanatazama ubao, na ukiwa umejaa wanalipua baruti kule chini. Ukimtundikia mtu ambaye bado yumo, umemuua. Na nyapara hatoki getini mpaka misumari ya zamu yake yote imejaa. Watu wanaoga, watu wanakula, yeye kasimama pale anatazama ubao.

"Na huyu wetu," Mzee Thobias alikuwa anapenda kumalizia, "hata mvua ya mawe haikumtoa."

Mwaka 1946, mwezi wa tatu, dari la ngazi ya tatu chini ya ardhi lilianza kukatika wakati zamu ya asubuhi ikiwa kazini. Watu kumi na mmoja walibaki upande wa ndani. Watatu waliokuwa wamekwisha kutoka walirudi kuwafuata: nyapara Stanslaus, Thobias, na kijana mmoja mpana wa mabega aliyeitwa Mabula, namba 140. Mabula aliingia chini ya gogo lililokuwa linashikilia dari, akaliweka begani na kulikamata kwa mikono miwili. Wenzake wawili wakawapitisha wale kumi na mmoja miguuni pake, mmoja mmoja, wengine kwa kuwaburuta. Wote kumi na mmoja walitoka. Mabula hakutoka. Walifukua siku nne, na kila walipofukua jiwe likashuka jingine, mpaka wakaacha.

Mabula alikuwa mume wa Bibi Apolonia. Mama yangu Justina alikuwa mgongoni siku hiyo, mtoto wa miezi saba. Bibi alikimbilia getini kama wanawake wote, na wanawake wote wakaona vibati vya waume zao vinarudi ubaoni, isipokuwa yeye. Akamuuliza nyapara kama Mabula amepanda. Nyapara akamjibu, "Bado."

Neno hilo moja. Bibi alikuwa akilisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Aliambiwa bado, akakaa. Padre alikuja kutoka misheni akasoma misa, na Bibi akaendelea kwenda getini kila jioni kwa mwaka mzima, kuutazama msumari wa 140.

Mwaka uliofuata serikali ya Mwingereza ilileta nishani tatu za ushujaa. Ya nyapara, ya Thobias, na ya Mabula, ambayo alipewa Bibi. Aliitia kwenye sanduku pamoja na gauni la ubatizo la mama. "Walinipa kipande cha shaba," aliniambia siku moja tukichambua choroko. "Mimi nilikuwa nataka kile kipande kingine."

Kazi ya kujenga kumbukumbu ya siku ile ya mgodini ilianza kwa aibu ya Mzee Thobias. Ilikuwa mwaka 1977. Siku hiyo alikuta wajukuu wake wanacheza kidali uwanjani, na kitu wanachorusha kwenye mstari kikawa kinang'aa kupita kawaida. Ilikuwa nishani yake. Hakuwapiga. Aliichukua, akaiosha, akavaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano, na akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alituambia kwamba watoto wa kijiji hiki wanajua majina ya mashujaa wa nchi za mbali, wanaimbishwa shuleni, lakini lile shimo lililozungushiwa miiba pale nyuma wanadhani ni la fisi.

Hakukuwa na fungu lolote kwa kazi hiyo. Walijitolea waliotaka. Jumapili baada ya ibada wanaume walikata mawe, wanawake tulibeba maji na mchanga, na Felician, mhunzi wetu, alileta vyuma vyake. Waliokuwa wamesafiri kidogo walikuwa wamefika misheni ya Ushirombo, na kitu cha mawe walichokiona huko kikawapendeza ni kile kibanda cha Bikira Maria. Basi walijenga mfano wa hicho hicho: pango dogo la mawe, wazi upande mmoja, lenye paa la mviringo. Kilipofika kiunoni, vikongwe wakipita walikuwa wanapiga ishara ya msalaba. Mzee Thobias alilalamika kwamba wanamzika angali anakula ugali.

Mawe yalitoka kwenye lile rundo kubwa ambalo mgodi uliliacha, mawe meupe yenye mishipa. Asubuhi moja Thobias alimkuta mtu anaitwa Silvesta amepiga magoti mbele ya pango, na nyundo mkononi, anabomoa ukuta vipande vipande na kuvilamba aone kama vina chembe za dhahabu. Thobias hakupiga kelele. Alisimama nyuma yake akamuuliza kama amepata chochote kifuani mwa marehemu. Kuanzia Jumapili hiyo Silvesta alibeba mawe kuliko mtu yeyote, na Thobias alikuwa akimwita "bwana kampuni" mbele ya watu, naye anainama tu.

Babu Nyapara alikuja kila Jumapili. Alipanga mawe kwa uzi, hakupenda yaliyopinda, na hakukaa kivulini na wazee wenzake. Lakini walipozungumzia kitakachowekwa ndani ya pango, alikuwa anakwenda kunawa mikono mbali.

Juu ya hicho cha kuwekwa ndani kulikuwa na mawazo mengi. Katibu wa tawi alitaka majina ya rangi nyekundu. Mzee Thobias alitaka ubao wa getini. Ulikuwa bado upo: Felician aliukuta ni mlango wa zizi la mbuzi kwa mjane mmoja, misumari imelala, namba zimefutika nusu. Alimtengenezea yule mama mlango mpya, akakata kipande cha ubao kinachotosha misumari mitatu, akakisugua kwa mchanga mpaka namba zikaonekana. 61. 87. 140.

Wazo lilimpendeza kila mtu. Kila mwenye nishani angekuwa na msumari wake na kibati chake, kama zamani. Kibati cha Thobias kilikuwepo, mkewe alikuwa amekitundika shingoni mwa mbuzi dume. Cha nyapara tulikuwa tunakiona kila siku mlangoni. Cha Mabula kiko chini ya jiwe na mwenyewe, ndivyo tulivyojua sote. Kwa hiyo Felician, kwa moyo mzuri, alikata kipande kwenye bomba bovu la shaba, akakichonga duara, akakigonga namba 140, akakipaka majivu na ndimu mpaka kikafanana na kitu cha zamani. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza Bibi.

Jumapili tulipofika tulikikuta kinaning'inia.

Bibi alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Aliitua taratibu, akakitazama kibati bila kukigusa. Alivuta kanga akajifunika mdomo. Nilikuwa karibu yake na niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo mwingine zaidi ya ndoo.

Halafu Babu Nyapara akafika. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama alivyosimama pengine mara elfu.

"Nani amempandisha huyu?" akauliza.

Felician alitazama viatu vyake.

"Nimeuliza. Namba mia moja na arobaini, nani amemtundika?"

"Ni mimi, Nyapara," Felician akasema. "Ni kwa heshima tu. Nimekitengeneza upya."

"Huyu mtu bado yuko chini. Humtundikii mtu aliye chini."

Akakitoa msumarini, akampa Felician mkononi, bila ukali, akaenda zake. Mihogo yake ilikuwa upande wa pili lakini alishika njia isiyokwenda kokote, ile ya kwenye rundo la mawe. Mzee Thobias alimwita mara mbili. Mara ya pili alimwita kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Hakugeuka.

Kazi haikuendelea siku hiyo. Wengine walisema uzee unamchezea. Silvesta alisema taratibu kwamba mgodi ulifungwa zamani, baruti gani wanayoiogopa, na Thobias akamwambia anyamaze. Bibi alichukua ndoo yake na maji yake yote, akarudi nayo nyumbani ikiwa imejaa. Nilijua anachotaka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametaka kuuona msumari ule una kitu, aliuona kwa muda wa kutua ndoo, na ukawa mtupu tena.

Kuna jambo nilikuwa nalijua ambalo wengine hawakulijua. Babu alikuwa anapata barua kutoka Samuye, kwa dada yake Epifania, na mimi ndiye niliyemsomea, kwa kuwa nilifika darasa la nne. Barua zilikuwa zinafanana. Kaka, mji wa baba umebaki na mimi peke yangu. Kaka, macho yangu yanafifia, njoo nikuone kabla hayajafungika. Kila mara alinitaka niandike jibu lile lile: nakusalimu sana, mimi mzima, siwezi kuja, zamu haijaisha. Nilikuwa nadhani ni utani wa kikwao.

Kesho yake asubuhi Bibi alinyakua kibuyu cha uji mikononi mwangu akasema atakipeleka mwenyewe. Alimshika mkono mdogo wangu, nami nikafuata nyuma na vikombe.

Lazima nimweleze huyu mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne. Alipozaliwa alilia siku tatu, hanyonyi, halali. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee wanasema anadai jina. Bibi akakaa naye mapajani, akamtajia majina ya wazee wetu waliotangulia, mmoja mmoja, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Alilia majina yote. Bibi alipotaja Mabula, akanyamaza, akageuza kichwa kutafuta ziwa. Basi akawa Mabula. Tangu hapo Bibi anamwita mume wangu, na akikojoa kitandani anamgombeza kwamba mume gani huyu, nilikuacha ukiwa na adabu.

Babu Nyapara alikuwa amekaa kizingitini. Kibati chake kilikuwa bado msumarini, na jua lilikwisha kupanda. Sikuwahi kuona jambo hilo. Bibi akamsalimu, "Mwangaluka." Akaitikia.

Bibi akakaa kwenye kigoda, akamimina uji. Hakuwa amekuja kugombana. Alimwambia kwamba yeye si mchimbaji na hajui kanuni za geti, anachojua ni kwamba amechoka kuona msumari mtupu, na kama Felician amekosea, basi nyapara amweleze kilicho sahihi, maana yeye nyapara ndiye aliyemwambia bado, na hakumwambia mpaka lini.

Babu alifungua kifungo cha mfuko wake. Alitoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua gotini. Ndani mlikuwa na kibati, ukingo wake umetoboa kitambaa. Kamba yake ya ngozi ilikuwa imekauka kama mzizi. Namba niliisoma kutoka pale niliposimama.

"Mama Justina," akasema, "siku ile getini nilikuwa nacho mfukoni."

Bibi hakukigusa. Mdogo wangu alichovya kidole kwenye uji akalamba, na hakuna aliyemkataza.

"Mikono yake yote ilikuwa kwenye gogo," Babu akaendelea. "Nilimwambia toka. Akasema, nikitoka linashuka. Akainamisha shingo nimvue hiki, kisipotee. Nikamvua. Nikatoka. Sikufika hatua kumi."

"Akasema nini kingine?"

"Alisema yule kuku mweupe usimuuze. Ameanza kutaga."

Bibi akatazama uwanja.

"Tulimchinja," akasema. "Siku ya misa ya Padre. Sikuwa na kingine cha kuwapa watu." Na akacheka, kicheko kidogo kilichomtoka puani, kisha machozi yakafuata njia yake bila yeye kuyafuta. Babu naye akajipangusa kwa kile kitambaa.

Alisema kwamba pale getini aliwaza mambo mawili kwa wakati mmoja. Angempa Bibi kile kibati, angekuwa amemwambia mumewe amekufa, naye ana mtoto mgongoni na macho yake yanamwomba asiseme. Angekitundika, angekuwa amemtundikia mtu aliye chini, kosa ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwafukuzia watu. Akashindwa yote mawili. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwezi uliofuata ngumu zaidi ya kesho yake. Kampuni ilipofunga, wenzake wakamwita warudi Shinyanga pamoja. Atakwendaje, na zamu yake ina mtu mmoja hajapanda?

"Kwa hiyo umekaa hapa miaka yote hii," Bibi akasema.

"Nimesimama," Babu akamrekebisha.

Bibi alikichukua kibati hatimaye. Alikipima kiganjani, akakigeuza. Aliuliza, kwa sauti yake ya kawaida ya kupangia kazi za siku, kama ni kweli kwamba kanuni inataka mtu atundike mwenyewe kwa mkono wake. Babu akasema ndiyo, hapana njia nyingine.

"Mume wangu," Bibi akaita, "hebu acha uji wa watu. Njoo hapa. Jina lako nani?"

"Mabula."

"Mabula wa nani?"

"Mabula wa Apolonia," mtoto akasema, kama alivyozoeshwa, na akatabasamu akingoja kuchekewa.

Babu Nyapara hakucheka. Alimtazama yule mtoto kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama anamkagua kabla ya kushuka shimoni.

"Sisi hatukumpa jina," Bibi akamwambia. "Unajua mwenyewe. Ulikuwa unamsikia akilia huko ng'ambo ya ua. Alilichukua yeye."

"Nilimsikia," Babu akasema. Akafikiri. Nilimwona akiipitia kanuni yake kichwani, neno kwa neno, akitafuta mahali itakapomkatalia. "Mkono wake haufiki msumarini."

"Utambeba."

"Nikimbeba si nimemtundikia?"

"Nyapara, mchimbaji akichoka hamkumbeba mpaka getini?"

"Tulibeba."

"Na alipofika getini?"

"Alitundika mwenyewe," Babu akasema. Akakunja kile kitambaa kitupu mara mbili, mara nne, akakitia mfukoni. Halafu akanywa uji wake wote.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa wengi kuliko siku zote, ingawa hakukuwa na tangazo. Felician alisimama nyuma kabisa, mpaka Babu Nyapara akamwendea na kumwambia mbele ya watu kwamba ubao ameusafisha vizuri. Hotuba haikuwepo. Mzee Thobias, ambaye tulidhani atasema mpaka jioni, alitoa 87 yake iliyokuwa bado na harufu ya beberu, akaitundika, akarudi nyuma akavua kofia.

Babu alimnyanyua mdogo wangu. Bibi akampa mtoto kibati. Mabula alikitia mdomoni kwanza. Tulingoja. Akakitoa, akakitazama, akasema anakitaka chake. Bibi akamwambia ndiyo ni chake, ndiyo maana anakiweka hapo. Mtoto akanyoosha mkono, akakosa msumari, akakosa tena. Babu hakumsogeza karibu wala hakumshika kiwiko. Mara ya tatu ile kamba iliyokauka ikashika.

Babu akamweka chini. Akatoa kibati chake mwenyewe, 61, akakitundika cha mwisho, kama nyapara anavyopaswa. Akarudi hatua tatu, mikono nyuma, akautazama ubao.

"Zamu ya asubuhi wote juu," akasema.

"Wote juu, Nyapara," Mzee Thobias akaitikia.

Bibi alisogea akakigusa kibati kwa kidole kimoja, kikayumba kidogo, akangoja mpaka kikatulia. Kisha akauliza nani atamsaidia kubeba sufuria la makande, maana watu wana njaa.

Alasiri ile Babu aliniita nimwandikie dada yake. Maneno yalikuwa machache kuliko siku zote. Dada Epifania, zamu imekwisha, naja. Niliuliza niandike siku gani. Akasema barua nisiitume, ataifikisha mwenyewe.

Asubuhi nilipopeleka uji nilimkuta amevaa viatu, na blanketi lake limefungwa kwa kamba. Jembe alikuwa ameliegemeza upande wetu wa ua. Alikunywa uji akiwa amesimama, akapindua kikombe kuonyesha kwamba hakubakiza, akanirudishia.

"Mwambie bibi yako wabeja," akashukuru kwa lugha ya kwao. "Na ile mihogo ni ya Mabula."

"Shikamoo, Babu," nikamwambia, kwa sababu sikupata neno lingine.

"Marahaba, Mageni."

Akitoka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye fremu ya mlango, ukapapasa msumari, haukukuta kitu. Aliutazama mkono huo akacheka kimya. Hakufunga mlango. Akashika njia ya kwenda barabara ya Geita, kwenye malori ya Shinyanga, akatembea kwa hatua ndefu za mtu anayetoka kazini. Nilisikiliza. Mfuko wake haukulia. Alipita mbele ya pango bila kusimama, akainua tu kidole kwenye kofia, akakata kona ya rundo la mawe meupe.

Bibi alipika uji wake siku tatu zaidi, kwa mazoea. Miaka miwili imepita sasa, na hajarudi.